Penati za mstari wa kuanzia kwenye resi za matanga: mwongozo kamili, kuanzia bendera mpaka pointi

Watu wengi wanajifunza kuendesha boti ya tanga miaka na miaka, kubisha wanajua, kupindua wanajua, tanga wanalikaza vizuri tu, ila siku ya resi wakifika mstarini hawajui ile bendera iliyopanda kwenye boti ya komiti (wale wanaosimamia resi) inasema nini, na hapo ndo pointi zinapopotea. Kosa ni lile lile kila siku, omo, yaani pua ya boti, imevuka mstari mapema, labda nusu mita tu. Lakini adhabu yake inaweza kuwa kugeuka ukarudi nyuma ya mstari na kuendelea na resi yako kama kawaida, au ikawa umeshatolewa na hutaambiwa mpaka umemaliza kuhangaika kozi nzima, na tofauti yote hiyo iko kwenye bendera moja iliyopandishwa dakika nne kabla ya kuanza. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga kuizunguka hiyo bendera.

Kanuni ninazozisema ni za World Sailing, shirikisho la matanga duniani, kitabu kinachofanyiwa marekebisho kila miaka minne, kinachotumika sasa ni cha 2025 mpaka 2028. Ndo hicho hicho kinachotumika Olimpiki na kwenye vilabu vya matanga duniani, vya kwetu pwani vikiwemo, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa. Mashindano ya mashua na ngalawa, kama yale ya Lamu, yana taratibu zake na wenyewe wanazijua, hapa siyagusi.

Hatua ya 1: soma maelekezo kabla hujashusha boti majini

Kila shindano lina karatasi ya maelekezo ya resi. Najua inachosha, kurasa kibao, lakini kwa habari ya mstari wa kuanzia tafuta vitu hivi: mstari uko kati ya nini na nini (kwa kawaida mlingoti wenye bendera ya rangi ya chungwa kwenye boti ya komiti, na upande wa pili boya au boti nyingine, wengi wanaita pini), komiti itasoma namba za waliovuka mapema kwenye redio au haitasoma, namba za waliotolewa zitaandikwa kwenye ubao pale boya la kwanza au hazitaandikwa, na mwisho wa kupeleka malalamiko ni saa ngapi. Hayo manne yatakuokoa. Usije ukatarajia komiti ikuite kwa redio wakati karatasi haijasema popote kwamba wataita, kusoma namba ni msaada tu.

Hatua ya 2: jua dakika tano zinavyokwenda

Dakika ya 5 inapanda bendera ya daraja lenu (aina yenu ya boti) pamoja na mlio mmoja, hiyo ni ya kukuonya tu. Dakika ya 4 inapanda bendera ya maandalizi, mlio mmoja. Dakika ya 1 ile ya maandalizi inashushwa, mlio mmoja mrefu. Sifuri bendera ya daraja inashuka, mlio mmoja, mmeanza.

Sasa kuna jambo wengi wanalikosea: saa inahesabiwa kwa bendera, haihesabiwi kwa mlio. Honi ikikwama, bunduki ikigoma, bendera ndo imesema. Na sauti inachelewa kukufikia ukiwa mbali, mstari wa mita 300 sauti inachukua karibu sekunde nzima, kwa hiyo bonyeza saa yako kwa macho. Ukikosa dakika ya tano basi kamata ya nne, ukikosa ya nne kamata ya moja, ila usianze resi bila saa inayokwenda sawa na ya komiti, maana unaweza kujua kanuni zote na zisikusaidie kitu.

Kitu kingine, kuanzia dakika ya 4 unahesabika uko ndani ya resi. Injini imezimwa, na makosa yako yanaanza kuandikwa.

Hatua ya 3: dakika ya 4, tazama bendera ya maandalizi na uiseme kwa sauti

Hii ndo hatua yenyewe. Mkiwa wawili au zaidi kwenye boti mmoja aitaje kwa sauti na wengine waitikie, mkiwa mmoja itaje mwenyewe hivyo hivyo. Bendera zenyewe ni hizi.

P, ya bluu yenye mraba mweupe katikati. Hii ndo rahisi kuliko zote. Hakuna katazo lolote la dakika ya mwisho, unaweza ukavuka mstari ukarudi, ukavuka tena ukarudi, kinachotazamwa ni sekunde ile ya kuanza tu. Kama sekunde ile sehemu yoyote ya mwili wa boti yako iko upande wa kozi (mbele ya mstari, kunakoelekea resi) basi umewahi, inabidi urudi mpaka mwili wote uwe nyuma ya mstari halafu uanze upya. Usiporudi unaandikiwa OCS, yaani unahesabiwa hukuanza resi.

I, ya njano yenye duara jeusi. Hapa kuna kuzunguka ncha. Ukionekana upande wa kozi, iwe ndani ya mstari au kwenye mwendelezo wake nje ya ncha, wakati wowote ndani ya dakika ya mwisho, huruhusiwi tena kudumbukia tu chini kupitia mstarini, lazima uende mpaka nje ya ncha mojawapo, uzunguke boti ya komiti au pini, urudi nyuma kupitia mwendelezo wa mstari, ndo uanze. Angalia vizuri hapo: umevuka sekunde ya 50 kabla, ukarudi nyuma kupitia mstarini sekunde ya 40, ukaanza vizuri kabisa na wenzako. Wewe unajiona msafi, kumbe hujazunguka ncha, OCS. Mtego huu unawakamata watu wazima na vijana kwa pamoja kwa sababu mazoea ya P yamewakaa mwilini.

Z, ina pembetatu nne, njano, nyeusi, nyekundu, bluu. Kuanzia hapa tunaanza kuongelea pembetatu ya kozi: chora mstari kutoka ncha moja mpaka boya la kwanza, mwingine kutoka ncha ya pili mpaka boya lile lile, na mstari wa kuanzia ndo kitako chake. Dakika ya mwisho mwili wa boti yako usiwe humo ndani. Ukionekana na ukatambuliwa unapigwa penati ya pointi, asilimia 20 ya pointi za mtu ambaye hakumaliza resi, bila kusikilizwa. Na hii penati ni mbaya kwa namna moja, haifutiki resi ikirudiwa. Mkiitwa wote mrudi (komiti inafuta uanzaji na kumrudisha kila mtu) na ukavuka tena jaribio la pili chini ya Z, unaongezewa asilimia 20 nyingine juu ya ile ya kwanza. Inafutika tu kama resi imeahirishwa au imesitishwa kabla ya ishara ya kuanza. Na Z peke yake haikuondolei wajibu wa kurudi kama ulikuwa juu ya mstari wakati wa kuanza, penati ni yake na kurudi ni kwake, watu wanachanganya sana hapa, wanadhani wakishapigwa asilimia 20 basi wameshalipa deni, wanaendelea mbele, mwisho wanapata OCS. Komiti inaweza pia kupandisha Z na I pamoja, hapo unabeba zote mbili.

U, miraba minne, miwili myekundu miwili myeupe. Pembetatu ni ile ile, dakika ya mwisho ni ile ile, ila adhabu sasa ni kutolewa kwenye resi hiyo bila kusikilizwa, kwenye matokeo utaona UFD. Lakini U ina nafuu moja kubwa: resi ikirudiwa, kosa linafutwa, unaanza tena na wenzako kana kwamba hujafanya kitu. Iliingia kwenye kitabu kikuu cha kanuni 2017, baada ya kujaribiwa kwanza kwenye mashindano makubwa, na mimi naona ni moja ya mabadiliko mazuri kabisa waliyofanya, maana inawazuia watu bila kumnyima kijana resi nzima kwa sababu ya msukumano uliowakuta boti 50 kwa pamoja.

Nyeusi, haina herufi, nyeusi tupu. Kosa ni lile la U, adhabu ni kutolewa, BFD, lakini hapa kosa halifutwi hata resi ikirudiwa. Wakiita wote warudi, komiti inaandika namba za tanga za waliokosea ubaoni kabla ya ishara ya onyo ya jaribio linalofuata, na ukiona namba yako pale unatoka, huanzi tena. Ukijifanya hujaona ukaingia kwenye resi ya marudio inakuwa DNE, yaani kutolewa ambako huwezi kukuondoa kwenye hesabu ya mwisho kama resi yako mbaya, kunabaki kwenye jumla yako mpaka mwisho. Kwa hiyo chini ya bendera nyeusi, kila mkiitwa kurudi, pita karibu na boti ya komiti usome ubao. Wewe mwenyewe kwa macho yako, usitegemee kuambiwa.

Tena chini ya U na nyeusi komiti haina wajibu wa kukuonyesha bendera ya kukuita peke yako. Hakuna X (ndo hiyo bendera), hakuna mlio wako. Hata ukirudi nyuma ya mstari umeshatolewa, kurudi hakusaidii kitu. Hapo ndo watu wanamaliza kozi nzima kwa furaha, wanafika ufukweni, wanakuta UFD.

Hatua ya 4: jua mstari uko wapi kweli

Tangu 2021 kinachohesabika ni mwili wa boti tu. Zamani ilikuwa ni mwili, mabaharia na vifaa vyote vikiwa mahali pake pa kawaida, kwa hiyo mlingoti wa mbele unaotokeza kwenye boti kama 49er ulikuwa unaweza kukuponza. Siku hizi ule mlingoti wa omo hauhesabiki, mtu aliyening'inia nje hahesabiki, ni mwili wa boti yenyewe. Usikariri kanuni ya zamani kutoka kwa mtu aliyeacha resi 2015.

Kuona mstari ukiwa katikati yake ni kazi ngumu, na dawa yake ni alama ya nchi kavu. Dakika kumi kabla ya kuanza nenda nje ya boti ya komiti, simama kwenye mwendelezo wa mstari, angalia pini na kitu kilicho nyuma yake nchi kavu, mnara wa simu, pembe ya paa, mnazi uliosimama peke yake, chochote kisichosogea. Ukishakipata, popote utakapokuwa mstarini baadae ukiona pini na kile kitu vimenyooka ujue kichwa chako kiko mstarini kabisa na omo imeshapita, na ukiona kile kitu kimeanza kuachana na pini unajua uko nyuma au umepita. Chukua na alama ya pili, ya boti yako ikiwa urefu mmoja nyuma ya mstari, kwa sababu kichwa chako hakiko omo, kiko nyuma, kwenye ILCA (boti ya mtu mmoja, zamani ikiitwa Laser) ya mita 4.23 wewe unakaa zaidi ya mita mbili nyuma ya omo. Hizo mita mbili zimewatoa watu wengi.

Ukiwa na hiyo alama utagundua kitu kizuri, katikati ya mstari kwa kawaida boti zinabaki nyuma kwa sababu kila mtu anaogopa na anamwangalia jirani yake, na wewe mwenye alama unaweza kusogea mbele yao wote na bado uko salama. Ila angalia mkondo. Maji yakiwa yanajaa au kupwa kwa nguvu, hasa siku za bamvua, yanakusukuma juu ya mstari huku umesimama, na mstari wenyewe unaweza kusogea komiti ikiongeza kamba ya nanga. Hakikisha alama yako tena dakika ya tatu.

Hatua ya 5: amua ujasiri wako kwa bendera iliyopo

Chini ya P sogea. Ukiwahi utapoteza sekunde 20 au 30, sio mwisho wa dunia. Chini ya I sogea pia kama uko karibu na ncha, lakini ukiwa katikati ya mstari mrefu fikiria umbali wa kwenda kuzunguka, unaweza ukawa wa mwisho kabisa. Chini ya Z mimi nasema kaa nyuma, kwa sababu unaweza kuadhibiwa kwa jaribio ambalo wala halikuwa resi. Chini ya U inategemea: kama kundi zima limesukumana mbele yako na huoni boti ya komiti wala pini, uwezekano wa kuitwa wote ni mkubwa, na wakiita kosa linafutwa, hivyo wale wazoefu wanasogea na kundi lakini hawatangulii kundi. Nakuonya tu, komiti ya siku hizi ina kamera na watu wa kuangalia ncha zote mbili, wanaweza kuwatambua boti 12 na kuiacha resi iendelee. Chini ya nyeusi achana na ushujaa, anza nusu urefu wa boti nyuma, resi haishindwi hapo, lakini inapotea hapo.

Mfano unaosimuliwa mpaka leo ni wa Olimpiki 1996, matanga yalifanyika Savannah, Marekani. Daraja la Laser lilikuwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, resi ya mwisho, dhahabu iko kati ya Robert Scheidt wa Brazil na kijana wa miaka 19 kutoka Uingereza, Ben Ainslie. Scheidt alikuwa mbele kwa pointi, kwa hiyo wakitoka wote wawili yeye ndo bingwa. Mkiani mwa hesabu ya dakika Scheidt akaenda mapema, Ainslie akamfuata, wote wawili wakatolewa. Dhahabu Scheidt, fedha Ainslie. Tazama jinsi penati ya mstari ilivyogeuka kuwa hesabu ya pointi: mmoja alikuwa anaweza kuibeba na mwingine hakuwa anaweza.

Hatua ya 6: umewahi, unarudije?

Chini ya P, I au Z, ukiwa umewahi itapanda bendera X, nyeupe yenye msalaba wa bluu, na mlio mmoja. Ukisikia mlio wa pili mara tu baada ya kuanza geuza kichwa utazame boti ya komiti saa hiyo hiyo. X inabaki juu mpaka wote waliowahi wawe wamerudi, ila haizidi dakika nne. Kwa hiyo ikishuka baada ya dakika nne haimaanishi umesamehewa, muda wake tu umeisha, na wewe bado unaweza kurudi na bado unatakiwa kurudi.

Kurudi kwenyewe: legeza kamba ya tanga kwanza, punguza mwendo. Unapopunguza tu bila kugeuka bado una haki zako za kawaida dhidi ya wenzako. Ila sekunde unayoanza kuelekea nyuma ya mstari, haki zote zinakwisha, unampisha kila mtu ambaye harudi, aliye joshini (upande unakotoka upepo), aliye demani (upande unakoelekea), mwenye upepo wa kulia, mwenye upepo wa kushoto, wote, mpaka mwili wote wa boti yako uwe nyuma. Kwa hiyo subiri nafasi ifunguke upande wa demani halafu shuka haraka. Usigeuke kwa hasira katikati ya boti 30, utawagonga watu na utabeba na penati nyingine juu ya ile. Ukifika nyuma usiishie kwenye "nadhani nimefika", zidisha nusu urefu wa boti, kurudi mara mbili kunauma zaidi.

Na ukirudi kwa njia ya ncha chini ya I hesabu ni hiyo hiyo, huna haki mpaka umeshapita mwendelezo wa mstari.

Mkiitwa wote itapanda pembetatu ya njano yenye ukingo wa bluu na milio miwili. Hapo rudini nyote. Ikishushwa kuna mlio mmoja, na dakika moja baadae ndo ishara ya onyo ya kuanza upya, hivyo una dakika sita kutoka hapo mpaka kuanza. Jaribio la pili mara nyingi linakuja na bendera kali zaidi, mlianza na P sasa mnakutana na U. Irudie hatua ya 3 kuanzia mwanzo, usibebe bendera ya jaribio lililopita kichwani.

Hatua ya 7: penati za kugongana kabla ya kuanza

Hizi ni tofauti na za mstari lakini zinatokea hapo hapo. Ukimkosea mwenzio njia baada ya dakika ya 4, mfano ulikuwa joshini hukumpisha wa demani, au tanga lako linapokea upepo kutoka kushoto na hukumpisha anayepokea kutoka kulia, unajitoa kwenye msongamano mara moja na kufanya mizunguko miwili kamili ya upande mmoja, kila mzunguko uwe na kugeuza omo kupita upepo mara moja na kugeuza nyuma ya boti kupita upepo mara moja. Ukigusa pini au boti ya komiti ni mzunguko mmoja. Kama umeumiza mtu au umevunja boti vibaya mizunguko haitoshi, unajiondoa kwenye resi.

Wengi hawajui kwamba mizunguko ya kabla ya kuanza inafanywa kabla ya kuanza. Umekosea dakika ya tatu, zunguka dakika ya tatu, umemaliza, hujapoteza chochote cha maana. Ukijisemea utazunguka baada ya kuanza, haitahesabika, kanuni inataka ufanye mapema iwezekanavyo baada ya tukio. Kosa la kati ya dakika ya 5 na ya 4 kwa kawaida halina penati kwa sababu resi haijaanza, isipokuwa umejeruhi mtu, umeharibu chombo vibaya au umemwingilia boti ambaye yeye yuko kwenye resi yake.

Na tafadhali usijipenyeze kati ya boti ya komiti na boti iliyo demani yako inayokuja kuanza. Kwenye maboya mengine ya kozi aliye nje anampa nafasi aliye ndani, kwenye alama ya kuanzia yenye maji pande zote hiyo haki haipo. Aliye demani akikufungia mlango, umefungiwa.

Hatua ya 8: hesabu gharama kwa pointi

Mfumo wa kawaida ni wa pointi chache, wa kwanza 1, wa pili 2. OCS, UFD, BFD unapewa idadi ya boti zilizojiandikisha jumlisha moja. Chukua boti 39. Aliyetolewa anapata 40. Asilimia 20 ya 40 ni 8, kwa hiyo chini ya Z ukimaliza wa 4 unaandikwa 12, na ukipigwa mara mbili ni 20. Penati hiyo haiwezi kukushusha chini ya yule ambaye hakumaliza, na waliokuwa nyuma yako pointi zao hazibadiliki, ndo maana unaweza kukuta boti mbili zina pointi sawa kwenye resi moja.

Sasa resi sita, moja mbaya inatupwa. Una 4, 3, 7, 5, 6 na UFD ya 40. Unatupa 40, jumla 25, bado uko vizuri. Lakini ukipata UFD ya pili badala ya ile 7, unatupa 40 moja tu, inabaki 4, 3, 5, 6 na 40, jumla 58. Kwa hiyo ukishakuwa na moja mfukoni badilisha uanzaji wako wote, sio kwa woga, ni hesabu tu. Na kama ile moja ni DNE haitupwi hata kidogo.

Kwenye resi ya medali ya Olimpiki ya Tokyo, ile ya mwisho, ilikuwa kali zaidi, boti 10 za juu, pointi mara mbili, haikutupwa. Ukitolewa ulibeba 22. Enoshima, Japani, tarehe 31 Julai 2021, ubao wa tanga RS:X wanaume, watatu kwa mpigo waliwahi mstari wakatolewa: Thomas Goyard wa Ufaransa, Mattia Camboni wa Italia na Piotr Myszka wa Poland. Goyard alikuwa na akiba ya kutosha akabaki na fedha, lakini wale wawili wakaona medali inakwenda kwa Bi Kun wa China aliyechukua shaba. Wiki nzima ya kazi, sekunde moja.

Hatua ya 9: una hakika hukuvuka, unafanyaje

Adhabu za mstari zinatolewa bila kikao, lakini kikao unaweza kukiomba wewe. Ukifika ufukweni angalia matokeo mara moja, kwanza uliza kwa fomu ya kuulizia matokeo, maana wakati mwingine ni namba ya tanga imesomwa vibaya, 1 imeonekana 7, na hilo linarekebishwa hapo hapo. Kama komiti inashikilia msimamo wake, andika ombi la kurekebishiwa na ulipeleke kabla ya muda uliotajwa kwenye maelekezo kuisha. Lazima uonyeshe komiti ilikosea na kwamba wewe hukuwa na kosa lako mwenyewe.

Ushahidi wa "nilijisikia niko nyuma" hausaidii. Watu wa komiti wamesimama kwenye mstari kabisa wanaangalia kwa kuunyoosha, na bila ushahidi wa wazi neno lao ndo linakubaliwa. Video iliyopigwa kutoka pembeni inadanganya kwa sababu ya pembe yake, inayofaa ni iliyopigwa mtu akiwa kwenye mwendelezo wa mstari. Shahidi anayefaa ni aliyekuwa pale pale kwenye ncha, au jirani aliyekuwa na alama ya nchi kavu na anaweza kuitaja ni ipi. Waulize maswali ya kawaida kwa adabu: mliandika namba saa ngapi, mlirekodi sauti, mstari ulikuwa unaonekana wote au kuna boti iliwaziba? Komiti nzuri inarekodi sauti kuanzia dakika ya mwisho, na ukiomba kusikiliza hawakasiriki.

Malalamiko mengine ni kwamba X ilichelewa kupanda au haikupanda kabisa. Hilo linasikilizwa, kwa sababu komiti ina wajibu wa kuipandisha mara moja. Ila kama wewe mwenyewe ulijua umevuka na ukaendelea, usitegemee kupewa kitu. Andika muda ulioona X, hata kwa kukadiria sekunde, andika ulikuwa karibu na ncha ipi na boti gani walikuwa kushoto na kulia kwako, andika siku hiyo hiyo kabla hujapiga stori na mtu, alafu ingia nayo kikaoni.